Bei ya Zipu

Zamani nilizitengeneza bure.
Jirani alipopanda ngazi na koti la mtoto,
zipu imeachama, meno hayakutani,
nilimpa kiti, nikawasha gesi,
na kabla birika halijapiga mluzi
koti lilikuwa limefumba mdomo.
"Mungu atakulipa, Lamzira," walisema,
na Mungu, kusema kweli, alikuwa na madeni mengi
pale kwetu ghorofa ya nne,
nyuma ya stesheni, Kutaisi.

Kisha Nugzari akapunguziwa zamu kiwandani.
Bili ya gesi ya Januari tukaibandika kwenye friji,
tukapita mbele yake siku tatu
kama watu wanaompisha mgeni asiyejua kuaga.

Ni Tekle, wa miaka tisa, aliyesema:
"Fundi wa sokoni anatoza lari nane, mama,
na zake hukwama."
Akakata boksi la viatu, akaandika kwa wino mzito:
ZIPU, LARI TANO.
Hiyo tano ikawa kubwa kuliko zipu.
Nilikigeuza kibao kikatazama ukuta wiki nzima.

Kazi haikunishinda.
Mkono unajua wenyewe: koleo libane kichwa cha zipu
kidogo, kisha kidogo tena,
nta ya mshumaa ipite juu ya meno,
uvute, usikilize.
Lililonishinda ni neno.
Tano. Lilikwama kooni
kama zipu iliyouma kitambaa.
Nililifanyia mazoezi nikikata kabichi: tano.
Nikaiambia sufuria ya maharage: tano.
Nikakiambia kioo cha bafuni,
kikanijibu: tatu, basi.

Mama mkwe alikaza shali yake.
"Nyumba hii haijamtoza jirani hata siku moja.
Marehemu mume wangu alichonga majeneza
kwa glasi ya divai."
Ndiyo maana, nikawaza, tumerithi glasi.
Sikusema. Nilimwongezea chai.

Wa kwanza alikuwa Marekhi wa ghorofa ya chini,
na buti moja mkononi.
Nilitaja bei nikiitazama buti, si yeye.
Kimya. Birika likapiga mluzi, likachoka.
Akafungua pochi, akaweka noti ya kumi:
"Na ile ya mwaka juzi."

Guliko hajapanda tena.
Nasikia visigino vyake vikiharakisha mlangoni pangu,
na koti lake, nimeliona dirishani,
linapepea wazi kwenye theluji.

Sasa meza ni moja na wenyewe ni wengi:
hesabu za Tekle, koleo langu,
na Vazha, miaka miwili,
anayezika vichwa vya zipu ndani ya unga.
Nugzari anapika. Maharage yake yana harufu ya moshi,
tunayala, tunamsifu.
Amejifunza kusuka nywele za binti;
msuko mmoja hutazama juu, mwingine chini.

Usiku mmoja Tekle alileta kitabu.
"Subiri, zipu moja tu," nikamwambia.
Zilikuwa nne.
Nilipoinua macho alikuwa amelala juu ya rundo la makoti,
meno ya zipu yamechapa mstari shavuni mwake.
Nilikaa nikiutazama mstari ule hadi ukafutika.
Asubuhi nikakichukua kibao,
nikaandika upande wa nyuma:
SAA MBILI USIKU, FUNDI HAYUPO.

Bili imelipwa. Nyingine imekuja;
hata hiyo tunaitazama usoni.

Koti langu mwenyewe bado nalifunga kwa pini.
Mganga hajigangi.
Lakini jana, saa sita za usiku,
niliona mwanga jikoni:
Nugzari, koti langu mapajani, koleo mkononi,
ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika,
akivunja kichwa cha zipu cha tatu.

Kimoja ni lari moja na nusu.
Nilirudi kitandani kwa ncha za vidole,
nikajifanya nimelala.