Kivuli Kimelingana

Nilikuja na futikamba ya fundi cherehani,
mita moja na nusu, imeliwa na mende penye arubaini,
na pembetatu ya mbao, ile ya kuchorea ubaoni.
Darasa la Tano B, Mtambwe, mwezi wa kumi:
karafuu zimeanikwa mpaka uwanja wa mpira,
hata madaftari yananuka vuno.

"Leo tunapima mikarafuu," nikasema.
"Unene, umri, urefu. Kila kundi na mti wake."

Unene haukutusumbua.
Asaa aliukumbatia mti, shavu kwenye gome,
vidole havikukutana; Mize akamalizia upande wa pili.
Wakaandika: pima moja ya Asaa, shubiri mbili za Mize, na sisimizi.
Sikuwafuta sisimizi.

Umri ukatugombanisha.
Palikuwa na kisiki, msumeno wa juzi,
tukapiga magoti tukihesabu pete zake.
Kombo alipata thelathini na moja.
Mize alipata hamsini na nne, akaapa.
Bitime alifika kumi na tisa, akapotea,
akaanza upya kutoka gomeni, akapotea tena.
Nikawaeleza: kwetu hakuna baridi
ya kuufunga mti na kuufungua;
masika na vuli huingiliana kama wageni wa harusi,
basi mti hauandiki kila mwaka,
mwaka mwingine unapitiwa.
"Kama mwalimu na mahudhurio," sauti ikanong'ona nyuma.
Sikugeuka.
Tukaandika: umri, baina ya Kombo na Mize.

Ukabaki urefu.
Nikainua pembetatu, nikafumba jicho moja,
nikarudi nyuma, nikarudi,
mpaka nikakaa kitako kwenye muhogo wa watu.
Walipomaliza kucheka,
Mkasi binti Faki, ambaye tangu Januari hajanyoosha kidole,
akanyoosha.
"Mwalimu, si tungoje alasiri?
Chuoni tumefundishwa: kivuli cha kitu kikiwa sawa na kitu,
wakati umeingia.
Na leo adhuhuri nilijitazama miguuni, sikuwa na kivuli.
Basi ikiadhiniwa, mti utakuwa umelala chini mzima.
Tuupime hapo."

Nikaitia pembetatu mkobani.

Adhana ilitoka ng'ambo ya bonde la mpunga,
na mikarafuu yote ikawa imelala ubavu,
kila mmoja kwa urefu wake, pasi na kuvunjika jani.
Watoto wakatapakaa na hatua, na dhiraa, na futikamba iliyoliwa,
wakitupiana namba kama mipira:
Kumi na moja! Tisa na robo! Mwongo wewe, kumi!

Shaame hakuwa na kundi.
Nilimkuta kwenye mti wa mpakani,
ule wenye tawi lililokwanyuka, kovu lake bado jeupe.
Babake alikuwa juu yake mwaka juzi, msimu kama huu,
pakacha likiwa nusu.
Sote tunajua. Mti ule sikumpangia mtu.

Alisimama pale kilipoangukia kivuli cha kovu.
Akaanza kwenda shinani, kisigino kwa kidole,
polepole, midomo ikihesabu,
akavuka majani makavu, kifuu, mzizi uliojitokeza,
njia ile ile
ambayo babake aliimaliza kwa pumzi moja.
Nilitaka kusema neno. Katika andalio la somo
halikuwamo.
Nyayo thelathini na tatu.
Akafika, akaegemeza mgongo kwenye gome.

"Mwalimu," akasema, "nilidhani ni mbali zaidi."

Nikampa kalamu.
Akaandika namba yake kwa wino, si kwa penseli,
akapuliza ikauke.
Tulipoinua macho kivuli kimeshauzidi mti,
na kule shambani wenzake wanaita:
Mwalimu, njoo! Njoo upime tena!
Wetu umekua!