Sita kwa Mia

Ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia, Bradford,
saa nne za usiku, mvua imelalia ubavu dirishani.
Navaa visikizi, nafungua faili.
Mashine imekwisha kusikia kila kitu,
imekwisha kuandika kila kitu.
Kazi yangu ni kutazama ilipoweka kituo.

Kituo, nilimwambia Bi Hartley, kwetu ni neno lenye wapangaji wengi:
basi husimama hapo, polisi hukesha hapo,
ubeti wa shairi humalizikia hapo,
na wakimbizi hupangwa foleni humo.
Akacheka. Akasema programu ni nzuri sana,
hupatia alama tisini na nne kwa mia.

Zinabaki sita.
Sita ya kuhesabu, na sita ya mtu
aliyefika mlangoni pa neno akaogopa kuingia.

Shangazi yangu Mwanakombo alitunga kwa herufi za Kiarabu,
nyuma ya daftari la madeni ya duka.
Hakuwa na koma hata moja mle ndani.
Alihesabu mizani kwa vidole, cha nane kikifika akavuta hewa.
Usiku mwingine namuiga, pembezoni mwa karatasi:

     Mashine haina koo, haijapata kusita,
     Kwayo kimya ni kituo, hata chozi likipita,
     Hutia vifungo nguo, mvaaji hajapata,
     Nami nalipwa kufuta, vituo visivyo vyangu.

Faili la leo ni la Nabintu. Kiswahili chake ni cha Bukavu,
na mashine ilifundwa kwa taarifa ya habari.
Imeandika:

     Alikufa bwana yangu. Akiwako.

Nukta imetua pale alipomeza mate.
Narudisha nyuma. Narudisha tena. Mara ya kumi na moja
nasikia kijiko kikigusa kikombe,
kidogo sana, mara tu baada ya alikufa.
Ukikata hapo, aliyekufa ni mwingine,
mtoto labda, hajatajwa jina,
na bwana alikuwako, alishuhudia.
Ukikata mbele, aliyekufa ni bwana,
na katika mahojiano ya mwezi wa tatu bwana yu hai, yuko Uvira,
na ofisa atapiga mstari kwa wino mwekundu:
amejipinga mwenyewe.

Haturuhusiwi kumpigia simu msemaji.

Naweka mkato. Nalo ni neno lenye kisu ndani.
Alikufa, bwana yangu akiwako.
Nauondoa. Naurudisha.
Pembeni naandika: kijiko.
Kesho Bi Hartley ataniuliza kijiko gani,
na sitakuwa na jibu linaloingia kwenye kisanduku chake.

Saa nane natoka. Barabara haina mtu,
basi la mwisho lilipita nikiwa kwenye mara ya saba.
Naketi kituoni hata hivyo, viatu vimelowa.
Kuna ujumbe wa mama, wa sauti,
simu imeugeuza kuwa maandishi bila kuombwa,
na masikio yangu hayana nafasi ya mtu mwingine leo.

     Umekula. Umelala. Unarudi.

Lugha yetu huuliza kwa kuinua sauti tu,
na sauti imebaki Pangani, jikoni kwake,
pamoja na redio anayoisahau ikiwaka.
Swali la kwanza nalirudishia alama yake kichwani.
La pili pia.
La tatu nimekaa nalo chini ya paa la kioo,
kidole juu ya kitufe cha kusikiliza,
sijui kama aliuliza
au ameshaamua