Karatasi Namba 212

Nyevu aliushona mmea kwa uzi mweupe,
akaandika kwa penseli, maana wino huchujuka:
"Mayungu, nyuma ya kisima kikavu.
Maua ya manjano; yakikauka, hudhurungi.
Wenyeji hawaujui jina. Mbuzi hawauli."

Leo nimekwenda na nakala ya lebo.
Kisima nimekiona. Nyuma yake machimbo,
mawe ya matumbawe yamepangwa hadi barabarani,
na mbuzi wanatafuna katoni.

Nimerudi Malindi, nimefungua jalada tena.
Jani halina maji, lakini lina anwani.
Pembeni mwake tundu: kuna mdudu aliyelila
kabla halijakatwa,
na huyo naye hatujui alikwenda wapi.

Chini ya lebo nimeongeza, kwa penseli:
"Sikuuona."
Sikuandika "haupo."