Kete Mfukoni

Saa nne usiku, Ntinda, duka nimelifunga,
simu za watu zimelala kwenye droo na vidonda vyao.
Nawasha yangu. Kule Arua, Drani keshaingia,
kitaa cha kijani kinapepesa kando ya jina lake.

Seva haijui kwamba sisi ni wa tumbo moja.
Inajua namba tu: mimi elfu mbili na mia,
yeye mia saba na kitu.
Inatujumlisha, inagawa kwa mbili,
inatutafutia maadui wa katikati
ambao kwangu ni uji
na kwake ni mfupa.

Tukaachana nao, tukacheza sisi wawili,
na hapo nikaanza kumhurumia kimyakimya.
Nikakosa shabaha makusudi.
Nikajikwaa penye tambarare.
Nikamwacha apite langoni, nikaandika: "Ee, umenikamata!"
Juma zima alishinda.
Ijumaa akanyamaza.
Jumamosi ukaja ujumbe mmoja, bila salamu:
"Andezu, mimi si mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko."

Nililala nikikodolea dari.
Nikamkumbuka baba na ubao wake wa mweso,
ule uliopasuka pembeni akauziba kwa nta.
Mimi miaka minane, yeye bingwa wa soko zima,
na hakuwahi kujifanya mjinga mbele yangu.
Alichota kete kumi za upande wake,
akazihesabu kwa sauti,
akazitia mfukoni mwa shati, nizione zilivyovimba.
"Haya, sasa nakuja na nguvu zangu zote."
Akanipiga. Akanipiga tena.
Lakini kila kipigo kilikuwa cha kweli,
na kila mwaka mfuko ule ulipungua uzito.

Usiku uliofuata nikamwandikia mdogo wangu:
"Chagua wewe. Nitoe nini?"
Akafikiri mpaka bando langu likalalamika.
"Ramani," akajibu. "Na risasi nusu.
Halafu usinihurumie hata chembe."

Nilimpiga saba kwa tano.
Ile tano nimeihesabu mara mbili:
hakuna hata moja niliyompa.

Mvua ya Arua ikakata mtandao, mtu wake akaganda
mguu mmoja hewani, kama anayeruka mtaro.
Nikangoja.
Aliporudi hakuuliza habari za matokeo.
Aliandika tu:
"Kesho risasi zirudi zote.
Ramani, bado kwanza."