Sabuni ya Kipande

Tulipopita Salgaa bado ilikuwa inavuta.
Mlimani ikaanza kukohoa,
kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayeficha ugonjwa,
na harufu ya petroli ikapenya dirisha la nyuma
ikaketi kitini kama abiria asiyelipa.

Mimi, na Datsun ya marehemu baba,
na vifaranga mia tatu wa siku moja
ndani ya maboksi matatu yenye matundu,
wa kwenda Kimilili, wa mkopo wa chama,
wakilia wote sauti moja nyembamba
kama manyunyu kwenye mabati.

Mau Summit nikazima. Nikainama. Nikaona.
Paipu ya chuma itokayo tangini,
pale inaposhikwa na kibanio cha chasisi,
kutu imeila miaka mingi bila kusema;
injini inanyonya hewa badala ya mafuta,
na chini, tone, halafu tone,
halafu tone lisilomsubiri mwenzake.

Baridi ya pale haina adabu.
Hupiga hodi ikiwa imeshaketi.
Muuza mahindi akaja mbio na jiko lake linalowaka,
kwa huruma tupu: "Wapashe, mama, wapashe!"
Watu kumi wakapiga yowe pamoja.
Akasimama, jiko mkononi, cheche zikiruka,
asielewe kwa nini wema wake unakimbiwa.

Fundi aliitwa Sigilai.
Hakuwa na zaidi ya koleo na gunia la kulalia.
"Una sabuni?" akauliza kutoka chini ya gari.
Nilidhani anataka kunawa.
"Ya kipande. Ile ngumu, ya kufulia."

Ninayo. Nusu mche, zawadi ya mama.

Akafuta. Akasugua kwa msasa
mpaka chuma kikarudi rangi ya sarafu mpya.
Akaikanda sabuni kwa kidole gumba
ikalainika, akaishindilia kwenye ufa,
akazungusha ukanda wa mpira wa baiskeli,
akiuvuta kila mzunguko hadi mishipa ya shingo ikamtoka,
kisha waya, kisha koleo,
na waya ukalia kidogo, ukanyamaza.
"Petroli haiyeyushi sabuni," akasema.
"Maji ndiyo huiyeyusha. Omba mvua isikukute."

Wakati huo Gathoni, muuza viazi,
nisiyemjua, asiyeniuliza jina,
alikuwa amejaza maji moto chupa sita hotelini,
akazifunga kwa kitambaa chake cha kichwa
akazilaza katikati ya vifaranga.
Nywele zake wazi kwenye ule upepo.
Kilio kikashuka, kikawa mnong'ono.

Tukangoja. Sigilai akaweka kiganja chini ya paipu,
akakitazama kama anayesoma barua.
Kikavu.
"Hii ni ya kukufikisha," akasema, "si ya kukuweka.
Ukifika, kata, tia paipu mpya. Usiizoee."

Usiizoee.
Baba aliyazoea yote:
miwani iliyoshikwa kwa uzi wa kushonea viatu,
mlango wa jikoni uliofungwa kwa kijiko,
kifua alichokitibu kwa tangawizi miaka minne.

Mvua ilinikuta Turbo.
Niliendesha kwa masikio, redio kimya,
kila shimo nikalipita kama ninayembeba mgonjwa,
nikisema na sabuni: ngoja, ngoja kidogo, Webuye ile.
Saa nane usiku nikaingia uani.
Tulihesabu kwa tochi. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa,
wote wa boksi moja, lile lililokuwa karibu na mlango.

Asubuhi mama akaosha sufuria kwa kile kipande kilichobaki.
Kilikuwa na bonde la kidole gumba cha Sigilai.
"Mbona sabuni yako inanuka gari?"
Nikamwambia nitanunua nyingine.
Na paipu, nikasema. Paipu pia.

Hiyo ilikuwa Machi.
Kuku sasa wanataga.