Mshono wa Kufumuka

Kazi yangu ni kupima malori.
Miaka kumi na saba, kwenye mizani ya njia ya Pongwe,
nawasomea madereva uzito wao kwa sauti ya kadhi:
"Umezidisha. Shusha, au lipa."
Wanaapa kwa mama zao. Mimi naandika.

Siku ile, Bombo, nilipanda mimi.
Mshale ukapita mia, ukapita mia na ishirini,
ukatetemeka, ukatulia kwenye mia thelathini na moja.
"Umezidisha, Bwana Singano," akasema nesi.
Nikaapa kwa mama yangu: ni viatu, ni mkanda,
ni funguo za ofisi.
Yeye aliandika.

Nikamwambia, haraka haraka haina baraka.
Akasema: "Haraka sekunde thelathini tu.
Baraka utaikuta kwenye dakika moja na nusu inayofuata.
Kisha haraka tena. Anza na mara nne."
Akanipima presha mara mbili.
"Kifua kikibana, simama. Usishindane nacho."

Basi alfajiri, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
mahamri ya kwanza yakiwa bado yanajigeuza kwenye mafuta,
tuko watatu:
mimi, Mhina fundi cherehani, na Kihiyo wa duka la saruji.
Tukisimama sambamba tunafunga njia.
Binti yangu Mwanakombo yuko juu ya baiskeli, filimbi mdomoni.
Ana miaka kumi na moja na hana huruma.

Prrri!

Nguzo ya kwanza ya umeme.
Tumbo linatangulia, linachelewa, linarudi kunipiga.
Nguzo ya pili.
Raba zinalia. Mapaja yanagombana kama mawifi.
Nguzo ya ta—

Prrri.

Tembea.
Tembea tu, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.
Moyo unagonga mlango kama mdai,
jasho linaingia jichoni,
na tangawizi ya Bi Mwanahawa inatuita kwa majina.
Kihiyo ana neno. Anainua kidole.
Hana pumzi ya kulisema.
Tunacheka bila sauti, mabega tu.

Prrri!

Watoto wa shule walituhesabu: "Tani moja! Tani mbili!"
Wiki ya pili Kihiyo alitapika mtaroni.
Wiki ya tatu hakutokea; tukamgongea dirisha
mpaka mkewe akamsukuma nje
kama mtu anayeanika godoro.

Wiki ya tisa nilirudi Bombo.
Kilo tano.
Tano! Lori likidondosha kilo tano
mshale wangu hata haukohoi.
Nesi akasema kiuno kimepungua,
akasema kwa sauti ile ya kumsifu marehemu.

Lakini sikiliza.
Miaka miwili nimeswali kwenye kiti,
kile cha plastiki, cha kijani, nyuma, karibu na viatu,
kwa kuwa magoti yalikubali kunishusha
yakakataa kunipandisha.
Ijumaa iliyopita nilikipita.
Sikukusudia. Miguu ilikipita.
Nikaingia safuni, nikasujudu,
zulia likaninukia udi na nyayo za watu.
Nilikuwa nimeisahau harufu ile.
Nikainuka polepole, kiganja kimoja chini,
lakini bega la jirani sikulishika.

Mhina anazijua suruali zangu kuliko mke wangu.
Kila Idi ameniongezea kitambaa nyuma,
kipande juu ya kipande, rangi zinazokaribia kufanana.
Jana alinivuta kiuno kwa vidole viwili, akashika mkasi:
"Nikate hiki cha mwaka jana?"
Nikafikiri.
"Kiache," nikasema. "Kikunje tu. Mshono wa kufumuka.
Mwili haujaapa."

Akakunja, pini mdomoni, asiseme kitu.
Aliposimama ndipo nikaona:
fundi mwenyewe kaifunga suruali yake kwa kamba.