Matundu ya Ovaroli

Baba alifanya kazi penye kiberiti,
si hiki cha njiti, kile chenyewe,
cha manjano, kilichoshushwa bandarini
na kulundikwa kama wali wa bizari
wa harusi isiyo na wageni.
Akitoka zamu ya usiku
hakupiga hodi Barabara ya Kumi na Mbili.
Harufu ilimpigia.

Mama, Mwanakombo, hakusoma kemia.
Alisoma nguo.
Ovaroli hutoka kiwandani nzima,
hufia kwenye beseni:
maji yakiigusa, tone la jana linakumbuka,
na pamba inaachia nyuzi kama mkate uliolowa.
Alihesabu. Matundu matatu, zamu nzuri.
Kumi na moja magotini, pampu imevuja.
La kifuani hakulihesabu.
Alilitia kiraka mwenyewe akiwa bado amelala.

Nikauliza, inatengenezwaje hiyo asidi?
Baba akawasha njiti.
"Ukikichoma kinavuta pumzi mbili,
moshi wa kukohoza, lakini bado mtoto.
Sisi tunataka avute ya tatu, naye hataki.
Ndipo anaingia mshenga, vanadi.
Anakaa tanurini, nyuzi mia nne na ushee,
anawaunganisha, kisha yuleyule,
hakupungua, hakudai kilemba."

"Mshenga wa hivyo," mama akasema, "hajazaliwa Tanga."
Baba akacheka mpaka kikohozi kikamchukua.

"Halafu mnamtia maji?"
"Thubutu! Ukimkutanisha na maji hivihivi
anageuka ukungu, anapaa,
anakwenda kuwashukia watu mabatini.
Kwanza tunamtia ndani ya asidi ya zamani, kwa wenzake.
Akishatulia humo, mzito kama uto,
ndiyo maji. Kidogo. Kwa kipimo."

Leo nimevaa koti jeupe, kidato cha tatu, Makorora,
bika mbili mezani, dirisha moja halifungi.
Andikeni: asidi ndani ya maji,
kamwe si maji ndani ya asidi.
Wanaandika. Shebughe wa nyuma anauliza kwa nini.
Namjibu joto, kuchemka, kuruka machoni.
Simwambii kwamba kila Ijumaa uani petu
kanuni hiyo ilitiiwa na mtu asiyeijua:
beseni, maji kwanza, kisha nguo.

Kiwanda kina kufuli. Baba yuko udongoni.
Ovaroli ya zamu yake ya mwisho ninayo mimi,
imekunjwa ndani ya sanduku la mama.
Haijafuliwa.
Kwa macho, ni nzima.